"Moja kwa Moja": Uhakiki wa Istilahi za Sarafu za Jamii

Mwalimu mmoja wa elimu ya watu wazima alituandikia barua kutuuliza jambo ambalo kwa haraka tulilidhania kuwa dogo. Katika kijitabu cha mafunzo ya vikundi vya uchumi alikuta sentensi isemayo kwamba hati zinazotolewa na kikundi kwa ajili ya wanachama wake "hubadilishwa moja kwa moja na shilingi". Wanafunzi wake, wengi wao wakiwa wachuuzi wa mboga na samaki, walimwuliza: hubadilishwa wapi, na nani? Mwalimu hakuwa na jibu, akaona heri atuulize sisi.

Tulipofungua majalada yetu tulikuta kwamba lawama haikuwa ya mwandishi wa kijitabu peke yake. Maneno hayo yalitokana na rasimu ya istilahi za fedha iliyoletwa mezani petu na ofisi moja, nasi tuliyapitisha bila kuyatilia mashaka. Mfasiri alikusudia kusema kwamba hati moja huhesabiwa sawa na shilingi moja, yaani moja kwa moja kwa maana ya hesabu. Lakini katika Kiswahili cha kila siku "moja kwa moja" maana yake ni bila kuzunguka, bila kupitia kwa mtu mwingine, papo kwa papo. Hivyo sentensi iliyotungwa ili ieleze kipimo ikageuka kuwa ahadi. Na ahadi hiyo hakuna aliyeitoa.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki rasimu ile, pamoja na uamuzi wetu wenyewe wa kuipitisha. Hatuna nia ya kumfedhehesha mtu. Twataka tu kuonyesha kwamba katika somo hili la sarafu za jamii, istilahi isiyosema nani ameahidi nini si istilahi pungufu tu. Ni istilahi inayoweza kumtia mtu hasara, au hata kumfikisha mahakamani.

I. Jambo lenyewe

Kabla ya kuyapima maneno, yafaa tuyaone mambo yenyewe. Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Mombasa. Mwezi Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Nia ilikuwa hii: katika mtaa ule muuza maji, fundi cherehani, mama wa mahamri na mwenye duka wote wana kitu cha kuuza, na wote wana haja ya vitu vya wenzao, lakini mara nyingi shilingi hazipo mkononi, na biashara hulala. Kwa hiyo wakakubaliana kupokeana hati kama sehemu ya malipo, wanachama wakidhaminiana wao kwa wao. Hati moja ilihesabiwa sawa na shilingi moja ya Kenya. Kilichoipa nguvu hakikuwa shilingi zilizowekwa benki. Ilikuwa ni bidhaa na kazi ambazo wanachama walikuwa tayari kuzitoa kwa hati hiyo.

Haukupita mwezi mmoja, mwanzilishi wa mpango huo, Mmarekani Will Ruddick, alikamatwa pamoja na wenzake watano, wakakabiliwa na mashtaka ya kughushi. Katika mwaka huohuo mashtaka yaliondolewa, na hati zikarudi mtaani. Baadaye mipango ya namna hiyo ilienea katika sehemu nyingine za Kenya, kisha ikahamia kwenye simu za mkononi kwa jina la Sarafu. Takwimu zilizochapishwa za Januari 2020 hadi Juni 2021 zinaonyesha watumiaji wapatao 40,000 na miamala ipatayo 400,000.

Mambo haya hayakuanzia Mombasa. Katika mji mdogo wa Wörgl, nchini Austria, mwaka 1932, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, meya Michael Unterguggenberger alitoa hati za mji zilizotumika kulipia kazi za ujenzi, mpaka Benki ya Taifa ya Austria ilipozikomesha mwaka 1933. Huko Uswisi ulianzishwa mwaka 1934 ushirika wa WIR, ambao umedumu na kuwa benki. Huko Comox Valley, nchini Kanada, Michael Linton alianzisha mwaka 1983 utaratibu wa kuandikiana madeni na haki kwenye daftari bila ya karatasi kupita mkononi. Katika mji wa Ithaca, Marekani, mwaka 1991 zilitolewa hati zilizohesabiwa kwa saa za kazi. Na kusini mwa Ujerumani, mwaka 2003, ilianzishwa Chiemgauer, inayokwenda sambamba na euro.

Msomaji ataona kwamba mambo hayo yote huwekwa katika kundi moja, lakini uhusiano wa kila moja na fedha ya taifa ni tofauti. Hapo ndipo rasimu ile ilipojikwaa.

II. Juu ya jina

Rasimu ilitoa majina matatu kwa kitu kimoja: "fedha za jamii", "fedha mbadala" na "sarafu ya jamii". Tuyapime moja moja.

"Fedha za jamii" halifai. Katika lugha ya ofisi zetu neno "jamii" limekwisha kushikamana na ustawi wa jamii na hifadhi ya jamii. Mtumishi asomaye "fedha za jamii" atafikiri habari ya fedha za umma, au michango ya mfuko wa uzeeni. Mweka hazina wa kikundi akisemwa kwamba "ametumia fedha za jamii dukani", msikilizaji atauliza kama amekwisha kufikishwa polisi.

"Fedha mbadala" nalo linapotosha, ingawa linapendeza sikioni. Kitu mbadala ni kile kinachoshika mahali pa kingine. Spea mbadala huwekwa pale ilipotolewa ile ya kwanza. Wachuuzi wa Bangladesh hawakuiondoa shilingi. Kodi ya nyumba, karo na nauli walilipa kwa shilingi, na hata mtaani malipo mengi yalikuwa sehemu shilingi, sehemu hati. Walichofanya ni kujaliza: yaani kuongeza mahali palipopungua, kama mtu ajalizavyo kibaba kisichojaa. Kuwaita watu hao watumiaji wa "fedha mbadala" ni kuwatangazia shindano na Benki Kuu ambalo wao wenyewe hawakulitaka.

Limebaki "sarafu ya jamii". Wapo wenzetu wanaolikataa kwa hoja nzito. Wanasema kwamba katika maandishi ya kibenki tunayo kawaida ya kusema "noti na sarafu", na hapo sarafu ni kile kipande cha madini kinacholia mfukoni. Hati ya karatasi, au tarakimu kwenye simu, itaitwaje sarafu? Hoja hiyo ni ya kweli, lakini imechelewa. Neno sarafu limekwisha kupanuka. Tarehe 30 Novemba 2013, mjini Kampala, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia sahihi itifaki ya umoja wa fedha, na tangu hapo magazeti yote yanaandika habari za "sarafu moja", ambayo hadi leo haijaanza kutumika. Hakuna msomaji aliyedhani kwamba nchi hizo zinataka kutengeneza kipande kimoja cha shaba. Maana mbili za sarafu zinaishi pamoja, na muktadha huzitenganisha.

Tena neno hili lina asili inayotupasa kuikumbuka. Wengi hulihusisha na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza na kubadili, ambao kutokana nao *sarraf* ni mbadilishaji wa fedha. Mzizi huohuo umetupa "sarufi", elimu ya mageuzi ya maneno, na "masurufu", ambayo kila mtumishi aliyepata kusafiri kikazi na kudaiwa marejesho anayajua vizuri. Basi kuna kinyume kidogo katika jambo hili: jina linalonuka kubadilishwa limepewa kitu ambacho, kwa Mombasa, hakikuwekewa dirisha la kubadilishia. Hilo si kosa la jina. Maneno hayafungwi na asili zao milele. "Fedha" nayo ni madini, na wala hatudai kila noti iyeyushwe. Lakini linatuonya kwamba mwananchi asikiapo "sarafu" ana haki ya kutazamia kubadilishiwa, na kwa hiyo maelezo yanayofuata jina hayana budi kuwa safi.

Kwa sababu hizo tunakubali "sarafu ya jamii" kwa utaratibu mzima, na "hati" kwa ile karatasi inayoshikwa mkononi. Tungependa neno "noti" liachiwe Benki Kuu peke yake.

III. Mahusiano matatu chini ya jina moja

Sasa tufike penye kiini. Rasimu ilitumia "kiwango cha kubadilisha fedha" kwa kila uhusiano kati ya sarafu ya jamii na fedha ya taifa, kisha ikajaza pengo kwa "1 kwa 1" au "moja kwa moja". Kwa maoni yetu, chini ya jina hilo moja yamefichwa mambo matatu yasiyofanana.

(a) La kwanza ni *usawa wa hesabu*. Hapa watu wamekubaliana tu kwamba bei zitasomwa kwa kipimo kilekile. Fungu la mchicha likiwa shilingi 20, ni hati 20 pia, au shilingi 10 na hati 10. Hakuna anayeahidi kutoa shilingi kwa mwenye hati. Bangla-Pesa ilikuwa hivyo. Daftari la Comox Valley lilikuwa hivyo pia, likihesabu kwa dola ya Kanada. Wala si lazima kipimo kiwe moja kwa moja. Hati ya saa moja ya Ithaca ilihesabiwa kuwa dola 10 za Marekani. Uwiano ule haukupatikana kwa wanunuzi na wauzaji kushindana bei, bali kwa kukadiria ujira wa saa moja ya kazi. Mfasiri aitaye uwiano huo "kiwango cha kubadilisha" anawapa wasomaji picha ya dirisha la benki mahali ambapo pana meza ya mapatano tu.

(b) La pili ni *ahadi ya kukomboa*. Hapa yupo mtoaji aliyejifunga kwamba mwenye hati akija atapewa fedha ya taifa, kwa masharti yaliyotajwa. Hati za Wörgl zilikuwa na akiba ya schilling nyuma yake, na aliyetaka kuzikomboa alikatwa 2 katika kila 100. Chiemgauer huhesabiwa sawa na euro, lakini mfanyabiashara anayetaka kuirudisha katika euro hukatwa ada ya 5 kwa 100. Msomaji aangalie vizuri: kwa hesabu ya dukani, 100 ni 100, kwa dirisha la kukombolea, 100 ni 95. Ukiandika tu kwamba kiwango ni "1 kwa 1" umesema kweli upande mmoja na uongo upande wa pili.

(c) La tatu ni *bei ya mtaani*, yaani kile ambacho watu wenyewe wanakubali kupeana hata kama mtoaji hakuahidi, au amekataza. WIR ya Uswisi huhesabiwa sawa na faranga ya nchi hiyo, na mtoaji haibadilishi kwa faranga. Hata hivyo, walitokea watu waliohitaji faranga haraka wakauza WIR zao kwa punguzo. Hapo pana kiwango cha kubadilisha fedha kwa maana kamili, kwa sababu pana mtu anayetoa moja na kupokea nyingine. Ila hakikutangazwa na mtu yeyote.

Tukiyachanganya mambo haya matatu, hesabu zetu zitatoa matokeo ya ajabu. Tuchukulie dola moja ya Marekani ni shilingi 130 za Kenya. Mwanafunzi hodari, kwa kufuata rasimu ile, atasema kwamba hati 1,300 ni dola 10, kwa kuwa hati ni shilingi na shilingi hubadilishwa kwa dola. Hesabu haina kosa. Kosa lipo katika neno "hubadilishwa". Mnyororo wa kubadilisha hukatika palipo na kiungo kimoja tu kisichobadilishwa. Mwenye hati 1,300 ana haki ya kupata mboga, maji na kushonewa nguo mtaani mwake. Dola 10 hana.

IV. Pwani imekwisha kuyajua haya

Pengine mtu atasema kwamba tunapasua nywele, na kwamba Kiswahili hakina haja ya ubaguzi huu wote. Twajibu kwamba wasemaji wa Kiswahili waliishi na sarafu nyingi kwa wakati mmoja kabla ya kuwako Benki Kuu yoyote Afrika Mashariki, na walikuwa na vitenzi vya kutosha.

Neno "pesa" lenyewe lilikuja na sarafu ndogo ya shaba kutoka India. Kwa hesabu, rupia moja ilikuwa pesa 64. Lakini sokoni, idadi ya pesa zilizotolewa kwa reale moja ya fedha haikukaa mahali pamoja. Ilipanda na kushuka kwa kadiri shaba ilivyozidi au kupungua. Hapo tayari tuna usawa wa hesabu upande mmoja na bei ya mtaani upande wa pili. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao katika hela 100, wakaifunga na fedha ya kwao kwa kipimo cha rupia 15 kwa mark 20. Rupia ya Unguja nayo ilipoondolewa mwaka 1936, ilikombolewa kwa shilingi moja na nusu. Hicho kilikuwa kipimo cha sheria, na aliyekuwa na rupia alijua pa kuipeleka.

Vitenzi vilivyobaki midomoni mwa watu kutokana na maisha hayo ni vitatu, navyo vimepangika vizuri kuliko rasimu yetu. *Kuvunja* ni kuigawa fedha kubwa katika fedha ndogo za namna ileile. Mtu huvunja noti ya elfu kumi. *Kubadili* ni kutoa fedha ya namna moja na kupokea ya namna nyingine. *Kukomboa* ni kukirudisha kitu kwa aliyekitoa, au kukitoa kwa aliyekishika, kwa masharti mliyoagana. Ndivyo mtu akomboavyo rehani. Muuza samaki asiyejua kusoma hawezi kuvichanganya vitenzi hivyo. Sisi wenye shahada ndio tuliovimimina vyote katika chungu kimoja cha "kubadilisha".

Kwa nomino, tunashauri "ukomboaji", wala si "ukombozi". Neno ukombozi limekwisha kubeba vita vya uhuru na mahubiri ya makanisani, na si vizuri kulitwisha tena mzigo wa ada ya 5 kwa 100.

V. Kushuka, kushushwa na kupungua

Rasimu inasema mahali fulani kwamba sarafu ya jamii "humkinga mwanachama na kushuka kwa thamani ya shilingi". Sentensi hii ni ya kutazamwa kwa makini, maana imeshapita kutoka kosa la neno hadi kosa la jambo.

Kiswahili kinatofautisha vizuri. Fedha *hushuka* thamani yenyewe sokoni. Fedha *hushushwa* thamani na mamlaka yenye kupanga kiwango. Kauli ya kutendwa inatosha, na hatuhitaji istilahi mpya. Sasa hati inayohesabiwa sawa na shilingi ina kinga gani dhidi ya mojawapo ya hayo mawili? Shilingi ikishuka mbele ya dola, mafuta ya taa na ngano vitapanda bei. Mama wa mahamri atapandisha bei ya mahamri, na hati itanunua mahamri machache kama ilivyo shilingi. Aliyefunga mashua yake kwenye meli hupanda na kushuka pamoja na meli. Sarafu ya jamii inaweza kusaidia juu ya *uhaba* wa shilingi mkononi, jambo ambalo ni kubwa na la kweli. Juu ya *udhaifu* wa shilingi haina dawa, maadamu inapimwa kwa shilingi hiyohiyo. Maneno haya mawili, uhaba na udhaifu, yangetosha kuiokoa sentensi ile.

Lipo na la tatu, ambalo rasimu imeliita pia "kushuka kwa thamani". Hati za Wörgl zilitakiwa kubandikwa stempu kila mwezi yenye thamani ya 1 kwa 100, ili mtu asizilimbikize bali azitumie. Hapa thamani haikushushwa na soko wala na serikali dhidi ya fedha ya nje. Mwenye hati alilipia kukaa nayo. Tunapendekeza kuiita "ada ya ulimbikizi". Tumeliepuka neno "uchakavu" kwa kuwa wahasibu wamekwisha kulichukua kwa magari na mitambo.

VI. Halali ya nani?

Neno la mwisho ndilo zito kuliko yote. Rasimu inaieleza sarafu ya jamii kuwa "si fedha halali". Mwandishi wa sheria ataielewa, maana yeye anajua kwamba fedha halali ni ile ambayo mdai hana budi kuipokea akilipwa deni. Lakini mwananchi husikia vingine. Kwake, kinyume cha halali ni haramu. Kitu kisicho halali ni cha wizi, cha magendo au cha kughushi. Tikiti ya basi si fedha halali. Kadi ya muda wa maongezi ya simu si fedha halali. Hati ya kikundi si fedha halali. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho haramu kwa sababu hiyo tu.

Hatusemi kwamba wale sita wa Mombasa walikamatwa kwa ajili ya tafsiri mbaya. Tunasema kwamba swali lililowakabili mwaka 2013 kwa sehemu kubwa lilikuwa swali la istilahi: karatasi hii ni kitu gani? Ni noti ya bandia, au ni ahadi ya wachuuzi kupokeana bidhaa? Askari, karani wa mahakama na mwandishi wa gazeti hawana budi kulijibu kwa maneno waliyopewa na watu kama sisi. Waliotangulia kutoa hati huko Wörgl waliziita kwa Kijerumani hati za thamani ya kazi, bila shaka ili zisidhaniwe kuwa noti. Na hata hivyo hawakuepuka kukomeshwa. Jina zuri haliwezi kuwa ngao mbele ya sheria. Lakini jina baya ni ushahidi wa bure dhidi ya mtu.

Dawa ya neno hili tunayo mfukoni, kwa maana halisi. Noti za Tanzania haziishii kwenye "fedha halali". Zinasema "fedha halali kwa malipo". Maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye kubeba maana ya kisheria, na ndiyo ambayo wafasiri huyakata kwa haraka. Tuyarudishe. Tuandike kwamba sarafu ya jamii "si fedha halali kwa malipo ya deni, mtu haipokei ila kwa hiari yake". Sentensi imerefuka kwa maneno machache, na mtu mmoja mwaminifu amesalimika kuitwa mghushi.

VII. Haki ya rasimu, na mapendekezo

Si haki kuhakiki bila kutaja mema. Rasimu ile ilifanya vizuri katika istilahi za utoaji. Ilichagua "kudhaminiana" kwa ule utaratibu wa wanachama kusimamiana, na kiambishi kile cha *-an-* kinaeleza zaidi ya fungu zima la maneno ya kigeni. Ilikataa pia kutohoa ovyo pale ambapo neno letu lilikuwapo.

Yapo na mashaka ambayo hatuwezi kuyapuuza. Wenzetu wa sehemu ya uchumi wanasema kwamba istilahi ni lebo tu, haitakiwi kufundisha somo zima. "Kiwango cha kubadilisha fedha" kinajulikana, na maelezo yawekwe kwenye vitabu. Kwa wataalamu wanaosemezana wenyewe kwa wenyewe, hoja hiyo inasimama. Lakini maneno haya hayakai kwa wataalamu. Yanaingia katika katiba ya kikundi, ambayo mama muuza samaki ataiwekea dole gumba. Yeye hana kitabu cha pili cha kumweleza lebo ilimaanisha nini.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

1. *Sarafu ya jamii* kwa utaratibu. *Hati* kwa karatasi yake. "Fedha za jamii" na "fedha mbadala" yaachwe.

2. *Usawa wa hesabu* pale ambapo bei husomwa kwa kipimo kimoja bila ahadi ya kutoa fedha ya taifa. Uwiano ukiwa si sawa, kama huko Ithaca, isemwe *kipimo cha hesabu*.

3. *Ukomboaji* pale ambapo mtoaji ameahidi kurudisha fedha ya taifa, na *ada ya ukomboaji* kwa kile kinachokatwa. Mfasiri asiandike ukomboaji bila kumtaja mkomboaji.

4. *Kiwango cha kubadilisha fedha* kitumike tu pale ambapo fedha ya namna moja hutolewa kweli na nyingine kupokewa, kama ilivyo kati ya shilingi na dola. Na *bei ya mtaani* kwa kubadilishana kusikotangazwa.

5. *Kushuka*, *kushushwa* na *ada ya ulimbikizi* yasichanganywe.

6. *Fedha halali kwa malipo* iandikwe kamili, isikatwe.

7. "Moja kwa moja" lisitumike kabisa kueleza uwiano wa fedha. Iandikwe "hati moja kwa shilingi moja".

Mwalimu aliyetuandikia tumekwisha kumjibu. Tulimwambia kwamba awaeleze wanafunzi wake hivi: hati hizo hazibadilishwi na benki wala na ofisi yoyote, zinapokewa na wanachama waliozikubali, kwa bidhaa na kazi zao, na hesabu yake ni hati moja kwa shilingi moja. Tulimwomba pia aifute sentensi ile katika nakala alizo nazo, na kumwambia kwamba ilikuwa ni yetu. Baada ya siku chache alituletea swali jipya kutoka kwa mwanafunzi mmoja: mwanachama akihama mtaa akiwa na hati mkononi, je, huyo amebaki na nini?

Swali hilo hatuna istilahi yake bado. Hati ile ni deni? Ni haki? Ni amana? Kila neno kati ya hayo lina mdai wake na mdaiwa wake, na hatutaki kukosa mara ya pili kwa haraka. Wasomaji wetu, hasa mlio karibu na vyama vya ushirika na vikundi vya mitaani, mnaombwa kutuandikia ni neno gani watu wenyewe hulitumia.